Mwalimu, Washington na Korosho za Newala

Ugomvi wa Mwalimu Julius Nyerere na wahafidhina waliotawala Marekani tangu mwaka wa 1981 umekwisha kusimuliwa mara nyingi, na aghalabu husimuliwa kama ugomvi wa kumbi za mikutano: Dar es Salaam upande mmoja, Washington upande wa pili, na katikati yao makaratasi ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini yana upungufu mkubwa. Fedha za kigeni zilizogombewa zilitoka mashambani, na katika nchi ya kusini zilitoka hasa katika mti mmoja, nao ni mkorosho. Atakaye kupima uzito wa hoja za kila upande hana budi kupanda mpaka Newala.

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo nchi hukatika ghafula na macho ya mtazamaji hushukia bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Masasi iko chini, kaskazini-magharibi, katikati ya majabali yake makubwa. Juu ya uwanda udongo ni wa kichanga na mvua huzama upesi; kabla ya mabomba ya miaka ya 1950 wanawake walitelemka bondeni kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Katika nchi ya namna hiyo mkorosho, uliotoka Brazil kwa mikono ya Wareno, ulikuwa neema, kwa kuwa hautaki kumwagiliwa na hustahimili ardhi maskini. Hata hivyo si mti wa kuachwa. Mwenye shamba hufyeka na kufagia chini yake kabla ya msimu, ili korosho zidondokapo pamoja na mabibo yake zionekane. Asipofyeka, korosho hupotea majanini, na moto wa nyika huweza kuuteketeza mkorosho wenyewe. Basi mti huu hutaka mwenyewe awe karibu nao. Jambo hili dogo la kilimo ndilo lililokuja kuwa jambo kubwa la siasa.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, ikawa miongoni mwa nchi za mbele duniani. Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe anakaa kijijini. Watu wakahamishwa, na mikorosho ya baba zao ikabaki nyuma, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Mwaka wa 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa, na biashara ya zao hili ikabaki mikononi mwa Mamlaka ya Korosho, iliyonunua kwa bei iliyopangwa mbali na uwanda. Frank Ellis wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika mapema, mwaka wa 1979, juu ya anguko hilo, akaonyesha umbali wa miti na udogo wa sehemu ya bei iliyomfikia mkulima. Kisha ukazidi ugonjwa wa ubwiriunga, ambao huyafunika maua kwa unga mweupe hata yakakauka. Msimu wa 1986/87 mavuno ya nchi nzima hayakufika tani 17,000. Hapakuwa na maandamano wala risala. Mkulima aliliacha panga, akarudia muhogo wake.

Katika miaka iyo hiyo ya anguko ndipo vilipojengwa viwanda vya kubangua korosho, Masasi na Newala vikiwamo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Benki hiyo iliongozwa na Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa zamani wa Kennedy na Johnson, mtu aliyeamini kwamba umaskini waweza kupigwa vita kwa mipango na mitambo. Viwanda vilipokuwa tayari, korosho za kuvilisha hazikuwapo. Ni vema kulikumbuka hili, kwa sababu walioukopesha uwanda wa Makonde walikuwa Wamarekani wapenda mageuzi, na waliokuja kutoza hesabu walikuwa wahafidhina. Mdaiwa ndiye hakubadilika.

Mwaka wa 1979 ulikuwa mgumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka wa 1977, vita vya Uganda vilikuwa vimekula hazina, na bei ya mafuta ilipanda tena. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, aliona kwamba masharti ya Shirika la Fedha yafaa kujadiliwa. Mwalimu hakukubali, na Mtei akaondoka katika wadhifa wake. Tarehe 1 Januari 1980, akiwahutubia mabalozi, Mwalimu aliuliza ni lini shirika hilo lilipogeuzwa kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Mwaka uliofuata Ronald Reagan akashika madaraka, naye mbele ya magavana wa Benki na Shirika alisifia maajabu ya soko. Oktoba 1981 wakuu wa nchi 22 walikutana Cancun, Mexico, Mwalimu na Reagan wakiwamo. Nchi maskini zilitaka mazungumzo yafanyike katika Umoja wa Mataifa, ambako kila nchi ina kura yake. Reagan alishikilia yabaki katika mashirika ya fedha, ambako kura hupimwa kwa mali, na Marekani peke yake ilikuwa na karibu moja ya tano. Kisha Marekani ikapunguza mchango wake katika mfuko wa Benki ya Dunia wa kuzikopesha nchi maskini, usizidi dola milioni 750 kwa mwaka. Balozi wa Tanzania mjini Washington tangu 1983 alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi.

Katika jambo la kura Mwalimu alikuwa na haki, na hakuna hoja iliyotolewa tangu hapo iliyoipunguza haki hiyo. Ila taarifa ya Benki ya Dunia ya mwaka wa 1981, iliyotungwa chini ya mchumi wa Kimarekani Elliot Berg, ilisema pia kwamba serikali za Afrika zilimnyonya mkulima kwa bei ndogo na kwa mamlaka zao za ununuzi. Wengi waliikataa taarifa hiyo kwa ajili ya kinywa kilichoitamka. Mtu wa Newala angeweza kuikubali sehemu hiyo bila kumpenda Reagan hata kidogo. Lile swali aliloliuliza Mwalimu kwa Washington, la nani aliyempa mgeni mamlaka ya kupanga mambo ya nyumba ya mwingine, lingeweza kuulizwa vilevile chini ya mkorosho ulioachwa, na mwulizwa angekuwa serikali yake. Mwalimu mwenyewe alilikaribia mwaka wa 1984, aliposema katika mahojiano kwamba kama angeanza upya asingefuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Ungamo hilo ni la heshima kubwa. Lilikuja miaka minane baada ya ushirika kufutwa.

Mwalimu alitoka madarakani Novemba 1985. Mwaka wa 1986 serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilipatana na Shirika la Fedha, na dola iliyokuwa shilingi 17 hivi ikawa shilingi 40. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua korosho, na salfa ya kupuliza dhidi ya ubwiriunga ikaenea. Mavuno yalirudi, hata msimu wa 1999/2000 yakapita tani 120,000. Wahafidhina walikuwa wamesema kwamba bei nzuri itamrudisha mkulima shambani, na hapo walisema kweli.

Juu ya viwanda hawakusema kweli. Viliuzwa kwa watu binafsi, hasa wakati wa urais wa Mkapa, mtoto wa Masasi, na vingi vikageuzwa maghala ya kuwekea korosho ghafi zinazosubiri meli ya India. Kazi ya kubangua, ambayo ingewalipa wanawake wa Newala, ilikwenda kuwalipa wanawake wa Kerala. Ng'ambo ya Ruvuma mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka wa 1995 Benki ya Dunia iliishurutisha Msumbiji ipunguze kodi ya kusafirisha korosho ghafi, viwanda vikafungwa na maelfu ya wafanyakazi wakakosa kazi, mpaka bunge lao likaipandisha tena kodi hiyo mwaka wa 1999. Masharti yale yalitoka kwa serikali ya Clinton kama yalivyotoka kwa Reagan. Rangi ya chama haikuonekana kutoka Mueda.

Tangu 2007 korosho za Masasi na Newala huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka zao katika chama cha msingi, na wanunuzi hushindana kwa bei mnadani. Mwaka wa 2017 bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 ilianguka sana, na wakulima wa Newala na Tandahimba walipozisikia bei za wanunuzi walikataa kuuza. Novemba, Rais John Magufuli aliamuru serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300, na magari ya jeshi yakatumwa kusini kuzibeba. Wengi walingoja malipo kwa miezi. Mwenye korosho nyingi alitakiwa kwanza aonyeshe shamba lake, ithibitike kwamba yeye si kangomba.