Kupanda Mti Kwataka Elimu

Ndugu msomaji, Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kupanda miti, akatubashiria thawabu ya sadaka kwa kila kinacholiwa humo na mtu, ndege au mnyama. Lakini je, kila mti wafaa kila mahali? Tuitazame historia ya mti mmoja.

Wataalamu huuita konokapasi, nao ni wa ukoo mmoja na mkungu wa pwani yetu. Una aina mbili tu. Ya kwanza humea karibu na mikoko katika pwani za Amerika na Afrika Magharibi. Baadhi yake ina majani yenye vinyweleo laini, yang'aayo kama fedha. Ya pili asili yake ni kwa majirani zetu Wasomali, katika mabonde ya mito ya msimu, ambako mizizi huyafuata maji ya chini. Aina zote mbili huvumilia jua kali na chumvi.

Kwa sifa hizo, miji ya Ghuba kama Kuwait iliupanda kwa wingi kandokando ya barabara na kuta. Karachi nayo ikafuata baada ya mwaka 2000. Watu walifurahi, maana mti hukua upesi na pa mchanga hupageuza kijani. Kisha mizizi ikayaendea maji kama ilivyozoea, ikaingia katika mabomba na mifereji na kuyaharibu. Mwaka 2023 jimbo la Gujarat, India, lilipiga marufuku kuupanda. Kosa si la mti. Mola aliuumba kwa bonde kame; binadamu ndiye aliyeuweka juu ya bomba.

Nasi watu wa Nyamagana tusiwacheke wenzetu. Magugu maji yalitoka Amerika Kusini, yakaenezwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Kufikia mwaka 1990 yalikuwa yameingia Ziwa Victoria, na katika miaka iliyofuata yakaziba njia za mitumbwi na meli, mvuvi akakosa riziki. Ilibidi waletwe wadudu wa jamii ya fukusi ili kuyapunguza.

Basi, ndugu yangu, nia njema peke yake haitoshi. Qur'ani imetuamrisha kuwauliza wenye elimu. Kabla hujapanda mti msikitini, madrasani au njiani, muulize bwana misitu: asili yake wapi, mizizi yake yaenda wapi, na jirani atapata nini? Sadaka imfae jirani, isimvunjie ukuta.

Wabillahi tawfiq.