Kambi ya siku 8: wavulana wa Brownsea na siku ya kurudi nyumbani

Kwa jamaa nyingi zilizotoka Rutshuru na Masisi, neno kambi linakumbusha shitingi, foleni ya maji na matope ya Bulengo ama Kanyaruchinya. Kwa wengine linakumbusha pahali ambapo mtoto wao alipewa bunduki. Lakini kuna kambi ya tatu, ile ambayo maskauti wenye fulari shingoni wanaijua: mtoto analala nje siku chache pamoja na wenzake, anajifunza, kisha anarudi kwa mama yake. Kambi hiyo ya tatu nayo ina historia, na historia hiyo inaanzia vitani.

Mwezi wa Oktoba 1899, Makaburu waliokuwa wakipigana na Waingereza huko Afrika ya Kusini waliuzingira mji mdogo wa Mafeking. Mkubwa wa jeshi la Waingereza ndani ya mji alikuwa Robert Baden-Powell. Mji ulifungwa siku 217. Kwa kuwa askari hawakutosha, wavulana walivalishwa sare na kupewa kazi: kupeleka barua na kushika zamu. Mwanzoni walipanda punda, baadaye baiskeli, na mabomu yalikuwa yakianguka. Kiongozi wao, Warner Goodyear, alikuwa bado mtoto. Ndani ya mji huohuo, Waafrika walipewa mgao mdogo wa chakula kuliko wazungu, na wako waliokufa kwa njaa. Hilo nalo ni sehemu ya historia hii, hata kama halisimuliwi mara nyingi.

Vita vilipokwisha, Baden-Powell alirudi Uingereza akisifiwa kama shujaa. Jambo moja la Mafeking lilibaki kichwani mwake: mvulana akiaminiwa na kupewa kazi ya kweli, anaitimiza. Je, anaweza kuaminiwa hivyo bila kuwekwa mbele ya risasi?

Alijaribu kupata jibu mwaka 1907, akiwa na miaka 50. Tarehe 1 Agosti, wakati wa likizo, alianza kambi ya wavulana wapatao 20 kwenye kisiwa cha Brownsea, katika bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza. Wengi walikuwa na miaka kati ya 10 na 17. Nusu yao walikuwa watoto wa matajiri, wanafunzi wa shule za gharama kubwa. Wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi wa Poole na Bournemouth. Tajiri alilipa pauni moja, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 20. Mtoto wa mfanyakazi alilipa shilingi tatu na nusu tu. Wakati ule watoto wa namna hizo mbili hawakuwa wakicheza pamoja. Pale kisiwani walilala ndani ya hema moja na kula chakula kimoja.

Aliwagawa katika vikundi vinne vidogo: Fahali, Mbwa mwitu, Kunguru, na kikundi cha nne kilichopewa jina la ndege wa ufukweni mwenye mdomo mrefu. Kila mtoto alivaa begani nyuzi zenye rangi ya kikundi chake. Kila kikundi kiliongozwa na mvulana mkubwa kati yao, wala si mtu mzima. Yeye ndiye aliyejibu kwa ajili ya wenzake.

Asubuhi waliamshwa kwa sauti ya pembe ya kudu, ambayo Baden-Powell aliipata wakati wa vita dhidi ya Wandebele, katika nchi inayoitwa leo Zimbabwe. Kila siku ilikuwa na somo lake: kukaa porini, kufuata nyayo, kuangalia vizuri, kuokoa mtu anayezama ama aliyefikiwa na moto. Siku moja ilikuwa ya kupenda taifa na himaya ya Waingereza, maana yeye alikuwa bado mtu wa himaya. Somo lilielezwa kwa maneno machache, kisha likageuzwa mchezo. Mvulana mmoja alijifanya swala na kukimbia na mipira, wenzake wakamwinda kwa mipira pia. Baada ya chakula cha mchana wote walipumzika.

Usiku kulikuwa na moto na hadithi. Kwa zamu, kikundi kimoja kilikwenda kulala peke yake mbali na wengine, kikibeba unga, viazi, nyama, majani ya chai, sufuria, kiberiti na mablanketi. Wavulana walijipikia wenyewe, kisha wakaweka walinzi. Wengine, pamoja na Baden-Powell mwenyewe, waliwanyemelea gizani ili kuona kama walinzi wako macho. Kabla ya saa tano za usiku mchezo ulikwisha, walinzi wakaitwa, wote wakalala. Hakuna aliyekufa. Tarehe 8 Agosti kambi ilikwisha.

Mwaka uliofuata Baden-Powell alitoa kitabu chake cha maskauti, na vikundi vikazaliwa hata katika nchi za mbali. Lakini kambi nzuri haikutosha kuzuia vita. Mwaka 1914 Ulaya iliwaka moto, na baadhi ya wavulana wa Brownsea, sasa vijana wazima, waliuawa wakiwa askari.

Huku kwetu, mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya La Haye ilimkuta Thomas Lubanga na hatia ya kuandikisha watoto wenye umri chini ya miaka 15 na kuwatumia katika vita vya Ituri. Alipewa kifungo cha miaka 14. Watoto hao nao walikuwa na kambi, wakubwa, zamu za usiku na nyimbo. Kwa mbali, kambi zote mbili zinaweza kufanana.

Tofauti mzazi anaweza kuitambua kwa kuuliza maswali machache. Nani anampeleka mtoto, na mzazi amekubali? Usiku mchezo unakwisha saa ngapi? Mtoto anarudi siku gani? Kambi ya Brownsea ilikuwa na majibu ya maswali hayo. Anayekuja kuchukua kijana na hana jibu la swali la mwisho, huyo hamwiti kwenye kambi ya likizo.