Skii Zisizo na Makali

Philip Boit aliposhindana kilomita 10 huko Nagano mwaka 1998, Mkenya wa kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi, skii zake hazikuwa na chuma pembeni. Skii za mbio za masafa ndivyo zilivyo hadi leo. Namtaja kwa sababu skii isiyo na makali husemwa kuwa wazimu wa vijana wa juzi, wale wanaoparamia reli na masanduku kwenye viwanja vya miruko. Kumbe mgeni ni chuma.

Wawindaji wa milima ya Altai, upande wa China, huchonga skii za mbao na kuzivika ngozi ya farasi kwa chini. Manyoya hulalia nyuma: ukishuka yanateleza, ukipanda yanasimama na kushika theluji. Hugeuka kwa kuegemea fimbo moja ndefu. Kwenye theluji laini inayofika magotini, makali yangekata nini?

Rudolf Lettner wa Salzburg alikuwa na shida tofauti kabisa. Miteremko ya Alps huganda ikawa kama sakafu, na pembe za mbao hulika upesi. Mwaka 1926 akasajili hataza ya vipande vya chuma vya kufungwa kwa skrubu pembeni. Tangu hapo watu wa Alps wakaweza kuinamia barafu bila kuporomoka, na ulimwengu ukaichukua kanuni yao kana kwamba ni ya theluji zote.

Reli ndiyo iliyoivuruga. Mchezaji hutua juu ya bomba la chuma skii zikiwa zimekingama, uzito wote chini ya viatu, na hapo hapo ndipo makali hupasuka. Pitisha ukucha utasikia kijipengo. Kijipengo hicho kikinasa kwenye reli, miguu hubaki na kiwiliwili huendelea. Ufa ukizidi, maji huingia kwenye mbao za ndani. Ukiondoa chuma, plastiki husuguana na bomba kwa ulaini na hakuna cha kunasa.

Lakini wanaozisifu skii zisizo na makali hunyamazia njia ya kufikia hiyo reli. Asubuhi imeganda, na skii isiyo na makali huenda mrama kabla hujaruka. Kosa dogo la mwelekeo hulipwa hewani. Huko Altai theluji yenyewe humshika mtu. Kiwanjani, ambako mashine zimeipiga na kuishindilia, haimshiki.

Kwa masanduku na reli fupi zenye njia ya polepole, ningechagua skii hizo bila kusita. Kwa miruko mikubwa, hapana. Mwenye jozi moja afanye wanavyofanya wengi: achukue tupa, afute ukali chini ya kiatu tu, auache mbele na nyuma.