Mwanga na giza: Jinsi ya kukokotoa maswali ya mawimbi ya nuru

Miongoni mwa mada za fizikia zinazowaponza wanafunzi wanaoanza kujifunza kuhusu nuru ni mwingiliano wa mawimbi na difraksheni, yaani kule kupinda na kutawanyika kwa wimbi linapopenya mwanya mwembamba. Hesabu zenyewe si ngumu, kwani aghalabu ni za kuzidisha na kugawanya tu. Tatizo ni kwamba mada hii ina kanuni mbili zilizofanana sura kama pacha, ilhali moja huonyesha mahali penye mwanga na nyingine mahali penye giza. Mwanafunzi aliyezikariri bila kujua chimbuko lake huandika mwanga palipo na giza, na alama zake zikaenda na maji.

Kabla ya kugusa kanuni yoyote, yafaa mwanafunzi ajiulize swali moja: mawimbi haya yamefika hapa yakiwa yamesafiri njia zenye tofauti gani ya urefu? Iwapo wimbi moja limesafiri zaidi ya jingine kwa urefu kamili wa wimbi, au mara mbili au tatu ya urefu huo, kilele hukutana na kilele na mwanga huongezeka. Iwapo tofauti ni nusu ya urefu wa wimbi, kilele hukutana na bonde na mawimbi hayo hufutana. Karibu kila swali la mada hii hutokana na hoja hiyo.

Aliyeifafanua kwanza kuhusu nuru ni Thomas Young, daktari Mwingereza, katika mihadhara yake mbele ya Royal Society jijini London kuanzia mwaka wa 1801. Mnamo 1803 alieleza jinsi alivyougawa mwale mwembamba wa jua kwa kipande cha kadi chenye upana usiofika milimita 1, na milia ya mwanga na giza ikaonekana kivulini. Alipoiziba nuru ya upande mmoja wa kadi, milia ya ndani ya kivuli ilitoweka. Huo ulikuwa ushahidi kwamba milia hiyo ilihitaji nuru kutoka pande zote mbili. Vitabu vya shule hulieleza jaribio hilo kwa myanya miwili badala ya kadi.

Chukua mfano huu. Myanya miwili imetenganishwa kwa milimita 0.5. Kiwambo kiko umbali wa mita 2, na nuru ina urefu wa wimbi wa nanomita 600, ambayo ni rangi ya machungwa. Umbali kutoka mlia mmoja wa mwanga hadi unaofuata hupatikana kwa kuzidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa kiwambo, kisha kugawanya kwa umbali kati ya myanya. Vipimo vyote vikigeuzwa kuwa mita kwanza, jibu ni mita 0.0024, yaani milimita 2.4. Wengi huteleza kwenye kugeuza vipimo. Jibu likisema milia imetengana kwa mita 2 au kwa sehemu ya elfu ya milimita, mwanafunzi angetambua mara moja kuwa jambo kama hilo haliwezi kuonekana mezani mwa maabara.

Mtego wa pili hutegwa kwenye kuhesabu. Swali laweza kusema kwamba umbali kutoka mlia wa kwanza wa mwanga hadi wa kumi ni milimita 21.6, kisha litake urefu wa wimbi. Milia ni kumi lakini nafasi kati yake ni tisa, kama vile nguzo kumi za ua zinavyoacha nafasi tisa. Anayegawanya kwa 9 hupata milimita 2.4, na hatimaye nanomita 600. Anayegawanya kwa 10 hupata nanomita 540, na kwa kosa hilo dogo amegeuza rangi ya machungwa kuwa kijani kibichi!

Hali kadhalika, mtahini aweza kuvitumbukiza vifaa vyote majini. Nuru hupunguza kasi majini na urefu wa wimbi hugawanywa kwa takriban 1.33. Umbali wa myanya na wa kiwambo haubadiliki, kwa hivyo milia hukaribiana hadi milimita 1.8.

Sasa zibeni mwanya mmoja. Hapa ndipo penye utata mkubwa, na ndipo pa kukaa kwa muda. Mwanya uliobaki una upana wa milimita 0.1. Kiwambo na nuru ni vile vile. Ukizidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa kiwambo na kugawanya kwa upana wa mwanya, utapata milimita 12. Lakini hapo, milimita 12 kutoka katikati, pana giza.

Mbona iwe hivyo, ilhali tofauti ya njia kutoka ukingo mmoja wa mwanya hadi mwingine ni urefu kamili wa wimbi? Igawe nafasi ya mwanya katika nusu mbili, ya juu na ya chini. Kila nukta katika nusu ya juu ina mwenzake katika nusu ya chini, na tofauti ya njia kati ya wawili hao ni nusu ya urefu wa wimbi. Basi kila mmoja humfuta mwenzake, jozi kwa jozi, na hakuna nuru inayosalia. Kwenye myanya miwili hulinganishwa mawimbi mawili tu. Kwenye mwanya mmoja hulinganishwa umati mzima, na ndiyo sababu kanuni ile ile huleta matokeo kinyume.

Swali likitaka upana wa mlia mpana wa katikati, jibu ni milimita 24 wala si 12, kwa maana giza la kwanza liko kila upande.

Zibueni mwanya wa pili, kila mmoja ukiwa na upana wa milimita 0.1, na mambo hayo mawili hutukia kwa pamoja. Mlia wa tano wa mwanga, kwa kuhesabu kutoka ule wa katikati, ulipaswa kuwa mara tano ya milimita 2.4, yaani milimita 12. Lakini hapo ndipo kila mwanya peke yake huleta giza. Mlia huo hauonekani kamwe. Ndani ya eneo angavu la katikati husalia milia tisa: mmoja wa kati na minne kila upande. Mwanafunzi asiyechora mchoro hujibu kumi na moja.

Hesabu hizi za milimita hufaa pembe zikiwa ndogo. Sahani ya CD ni jambo jingine. Mistari yake imetengana kwa takriban nanomita 1,600. Ukiimulika wima kwa leza nyekundu ya nanomita 650, nuru huakisiwa kwa pembe ambazo sini yake ni 650 kugawanywa kwa 1,600, yaani karibu 0.41, ambayo ni nyuzi 24. Mwale wa pili huelekea nyuzi 54. Kwa ule wa tatu, sini hutoka 1.22. Kwa kuwa hakuna pembe yenye sini inayozidi 1, mwale wa tatu haupo, na jibu sahihi katika karatasi ya mtihani ni kusema hivyo hivyo.