Mshale Uliosimama Katikati

Mshale wa geji ya joto ulikuwa umesimama katikati, pale pale unapotakiwa kuwa, wakati injini ya Land Rover ya baba ilipozima kwenye kona za juu za mlima Kitonga. Nyuma nilikuwa na magunia manane ya vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni. Nilipofungua boneti nilikutana na harufu ya rangi iliyoungua. Rejeta ilikuwa tupu. Mpira wake wa chini ulikuwa umepasuka kitambo, na maji yote nilikuwa nimeyaacha njiani bila kujua.

Kesho yake, baada ya gari kuvutwa hadi Iringa, nilimweleza baba. Nilisema kwa sauti ya juu, maana masikio yake yamechoka. Hakuniuliza gharama. Aliuliza neno moja tu: "Hukusikia?"

Sikusikia. Nilikuwa naangalia geji.

Gasketi ya silinda hedi iliungua na hedi yenyewe ikapinda. Fedha yote ya vitunguu iliishia gereji. Lakini kilichonikosesha usingizi ni ule mshale. Ilikuwaje injini ife kwa joto huku geji ya joto ikiniambia kila kitu ni salama?

Jibu ni jepesi na linaudhi. Sensa ya geji ile imechongwa ipime maji. Ncha yake imezama ndani ya maji yanayozunguka kwenye injini, na joto la maji ndilo inalolipeleka kwenye mshale. Maji yakiisha, ncha inabaki hewani, na hewa haipeleki joto kwenye ncha kama maji yanavyopeleka. Mshale unaweza kutulia, hata kushuka, wakati chuma pembeni yake kinaungua. Geji haikunidanganya. Ilijibu swali iliyotengenezwa kulijibu, na mimi nilikuwa nauliza swali jingine.

Tangu siku hiyo nikaanza kusoma habari za geji, na nikagundua kwamba historia yake yote ni ya namna hii: mtu anataka kujua kitu kilichofichwa ndani ya chuma, na mwingine anamtengenezea kidirisha kidogo cha kuchungulia.

Cha kwanza kilichofanya kazi vizuri kilitoka kwenye mvuke. Mwaka 1849, huko Paris, Eugène Bourdon alipata hataza ya geji ya presha yenye mrija bapa uliopindwa kama mundu. Presha ikiingia, mrija unajaribu kujinyoosha, na kujinyoosha kule kunausukuma mshale. Hakuna umeme wala betri. Kabla ya hapo na hata baadaye, boila zililipuka na kuua watu, kwa hiyo geji ile ilienda kila palipokuwa na mvuke. Injini za moshi zilizopita Morogoro na Dodoma, baada ya Reli ya Kati kufika Kigoma mwaka 1914, zilibeba mrija wa namna hiyo mbele ya macho ya dereva.

Magari yalichelewa. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 na kuzidi magari milioni 15, ilitoka kiwandani bila geji ya mafuta. Dereva aliinua kiti cha mbele, akafungua tangi lililokuwa chini yake na kuchovya kijiti. Kwa upande wa joto, katika miaka ya 1910 Wamarekani waliuziwa kipimajoto kilichokaa nje, juu ya kifuniko cha rejeta. Dereva alikisoma kupitia kioo cha mbele.

Spidomita ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1902 Mjerumani Otto Schulze alisajili hataza ya kifaa ambamo sumaku inazunguka ndani ya kikombe cha chuma bila kukigusa. Mzunguko wa sumaku unakivuta kikombe, springi inakizuia, na mshale unasimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Spidomita ya gari letu inafanya kazi hivyo hivyo hadi leo. Imeandikwa Smiths, jina la watengeneza saa wa London walioingia kwenye biashara ya spidomita mwanzoni mwa karne ya 20.

Kisha, katika miaka ya 1930, mambo yakaanza kurudi nyuma. Kampuni ya Hudson ya Marekani iliondoa geji ya oili na ya chaji, ikaweka taa ndogo badala yake. Taa ni rahisi kutengeneza, na haimsumbui mtu asiyetaka kujua mengi. Madereva wa zamani waliziita taa za wajinga. Land Rover yetu ya mwaka 1969 ni mtoto wa uamuzi huo. Ina geji ya mafuta, geji ya joto, spidomita na taa. Presha ya oili ina taa ya kijani tu, na taa hiyo haiwaki mpaka presha ishuke chini ya paundi 10 hivi. Injini hiyo ikiwa na moto na iko kwenye mwendo inatakiwa kuwa na paundi 35 hadi 65. Kutoka 35 hadi 10 dereva haambiwi kitu.

Baba hakuhitaji kuambiwa. Alianza kazi mwaka 1966 akiwa utingo wa malori yaliyopeleka mapipa ya mafuta Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walikuwa wamejitangazia uhuru, njia ya mafuta ya kusini ikafungwa, na mzigo wote ukahamia kwenye barabara ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam. Bomba la TAZAMA lilikuwa bado. Lilianza kazi mwaka 1968. Baba anasema geji nyingi za malori yale zilikufa kwa mitikisiko ya wiki za mwanzo, na dereva wake alimfundisha kulala huku sikio moja liko kwenye injini. Akijua sauti imebadilika kabla dereva hajaongea, analipwa soda.

Sikio hilo ndilo alilonunulia Land Rover kwenye mnada miaka mingi baadaye, na ndilo lililoiweka hai. Sikulirithi. Nilikulia kwenye magari yenye vioo vilivyofungwa na redio.

Ndiyo maana niliamua kubadilisha geji. Fundi umeme niliyempelekea alikuwa kijana mtulivu. Kabla ya kufungua skrubu hata moja aliwasha swichi, akaangalia mshale wa mafuta na wa joto vikipanda pamoja.

"Kaka, unaona? Zote mbili zinasoma juu. Wawili wakidanganya kwa pamoja, mwongo ni wa tatu."

Wa tatu alikuwa nyuma ya dashibodi: kibati kidogo kinachoshusha umeme wa betri hadi volti 10 hivi kwa ajili ya geji zote mbili. Ndani yake kuna ukanda wa metali mbili unaopata moto, unajipinda na kukata umeme, unapoa na kuurudisha, tena na tena. Ethi yake ilikuwa imeshika kutu. Kwa miaka mingi tumekuwa tukiamini tuna mafuta kuliko tuliyokuwa nayo.

Tuliweka geji tatu mpya. Ya kwanza ni ya presha ya oili, ya mrija wa Bourdon, oili yenyewe ikipanda kwenye kibomba cha shaba hadi nyuma ya kioo. Ya pili ni ya volti: gari likizimwa inasoma 12 na kidogo, likiunguruma inakaribia 14, na mkanda wa feni ukikatika utaona inashuka. Ya tatu ndiyo niliyoitaka kuliko zote. Sensa yake haiko kwenye maji. Imefungwa kwa bolti kwenye chuma cha hedi, na chuma hakivuji. Ina king'ora pia.

Fundi alitaka tuweke na spidomita ya kilomita. Ya zamani inasoma maili. Ilitoka kiwandani hivyo, nchi ikahamia kilomita, yenyewe ikabaki. Kwenye kioo chake, karibu na namba 30, kuna doti ya rangi ya kucha ya marehemu mama. Ni kilomita 50 kwa saa, mwisho wa mwendo kwenye makazi, na mama ndiye aliyeiweka baada ya faini ya pili. Nilimwambia fundi aiache.

Land Rover za umri huo zina geji katikati ya dashibodi, si mbele ya dereva. Kiwanda kilifanya hivyo ili kigeuze usukani kulia au kushoto bila kutengeneza dashibodi mbili, maana magari mengi yalikuwa ya kuuzwa nje. Zilihamia mbele ya dereva mwaka 1971, ilipokuja Series III. Sikuwahi kulifikiria hilo mpaka tulipolijaribu gari, mimi kwenye usukani na baba pembeni. Geji zilikuwa zake kama zilivyokuwa zangu.

Tulianza kupanda Kitonga kwa gia ya pili. Baba alivaa miwani. "Hamsini," akasema. Baada ya kona mbili: "Arobaini na tano." Alikuwa ananisomea oili. King'ora asingeweza kukisikia, na injini pia hakuisikia tena. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa ameinamia dashibodi, shingo mbele, kama mtu anayesoma barua.

"Arobaini. Inashuka, mwanangu."

"Ni kawaida, baba. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi."

"Simama."

Nilisimama penye nafasi, nyani wakitutazama kutoka ukingoni. Alishuka taratibu, akaweka kiganja juu ya boneti na kukiacha hapo kwa muda. Kisha akachungulia chini kwenye lami, upande ule ambao mpira ulipasuka. Palikuwa pakavu. Akarudi, akafunga mlango kwa nguvu unavyotaka kufungwa, akairekebisha miwani.

"Twende," akasema. "Arobaini."