Mamba Muntu: Jina na Umbo katika Michoro ya Lubumbashi

Katika miaka ya 1970, sebule nyingi za wafanyakazi wa Lubumbashi zilipambwa kwa picha ya Mamba Muntu: mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu, aliyeketi ukingoni mwa maji, kiuno chake kikiishia katika mkia wa samaki, na mara nyingi nyoka akiwa karibu naye. Michoro hiyo ilichorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga yaliyokwisha kutumika. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliochapisha utafiti wao mwaka 1976, waliihesabu miongoni mwa picha zinazokumbusha enzi za bankambo, yaani mababu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, fumbo limo katika jina. Muntu si tatizo. Ndiye mtu wa Kiswahili cha Katanga, kilichohifadhi -ntu sawa na Kiluba na Kibemba. Lakini mamba yuko wapi? Pichani hamna hata jino lake. Wapo watakaosema kwamba Kiswahili humwita mamba nyoka mmoja mwenye sumu pia. Hoja hiyo haitoshi, kwani anayeitwa mamba ni kiumbe mwenyewe, si mnyama aliye kando yake. Yaelekea jina lilitangulia, na umbo likaja baadaye kutoka ng'ambo. Nguva wa Ulaya alisafiri na mabaharia. Na picha ya mwanamke mchezesha nyoka, iliyochapwa Hamburg katika miaka ya 1880, ilienea Afrika ya Magharibi na kuwa sura ya Mami Wata, hata ikachapwa upya Bombay mwaka 1955. Umbo jipya likavikwa jina la kale, na jina halikubanduka.

Husimuliwa kwamba apataye nywele zake hujiwa naye ndotoni. Huzidai, na humlipa mtu huyo utajiri kwa sharti la kutunza siri. Katika mji ulioishi kwa mshahara wa shaba, ambao kila mtu alijua kiasi chake, hadithi hiyo ilieleza mali ambayo mshahara haukuweza kuieleza. Kuiita picha hiyo pambo tu ni kuipunja.

Leo kiumbe wa namna hii huchongwa kwa programu za kompyuta, kama ZBrush iliyozinduliwa mwaka 1999. Mchongaji huanza na tufe, akalivuta na kulibonyeza hadi litoe kichwa na mabega. Kwa kuwa umbo huzungushwa pande zote, hana budi kuamua ngozi inakoma wapi na magamba yanaanzia wapi. Mchoraji wa Lubumbashi hakubanwa na swali hilo, maana mtazamaji alisimama upande mmoja tu. Kilichombana ni mnunuzi, ambaye alitaka kumtambua Mamba Muntu mara moja. Tshibumba Kanda Matulu, aliyemchorea Fabian picha 101 za historia ya Zaire katika miaka ya 1973 na 1974, alijiita mwanahistoria na kuisimulia kila picha kama hoja yake mwenyewe. Mamba Muntu, kwa upande wake, alichorwa na wengi, bila mmoja wao kuhitaji kudai kwamba ndiye aliyembuni.