Kano, Katani na Mshipi: Tarikhi ya Uzi wa Ushanga katika Nchi ya Kajiado

Waandishi waliosimulia habari za ushanga wa Wamaasai, tangu wasafiri wa karne ya kumi na tisa hadi wapiga picha wa zama hizi, aghalabu wameshughulika na rangi zake wakausahau uzi, na hapana ajabu, kwa kuwa uzi uliofanya kazi yake barabara ni ule usioonekana. Walakini mtu aketiye kwa utulivu karibu na akina mama watungao ushanga Kitengela, au Isinya, au Bisil, miji ya Kajiado kusini mwa Kenya, siku ya soko, husikia kwamba mambo ya rangi yamekwisha kukatwa na desturi zamani, na kwamba mashauri yanayobaki, yale yanayomtenga fundi na mwanafunzi, ni mashauri ya uzi: upi utapita mara tatu katika tundu ya punje moja, upi utalegea kabla ya mwaka kwisha, upi utaliwa na jua, na upi utakubali fundo. Katika mashauri hayo mshipi wa mvuvi una kiti chake leo, nalo ni jambo la kustaajabisha, maana wazee wa nchi hii hawakuvua wala hawakula samaki.

Desturi hiyo ya kujiepusha na samaki Wamaasai waliishiriki pamoja na wafugaji wengi wa Pembe ya Afrika, na nchi yenyewe haikuwashawishi sana kuivunja. Samaki aliyeipatia Kajiado sifa katika vitabu vya wataalamu ni perege mdogo wa Ziwa Magadi, ambaye mtaalamu wa samaki Boulenger alimwandikia jina la kitaalamu mwaka 1912, kiumbe ambaye kwa kawaida hazidi kiganja cha mtu mzima, akaaye katika chemchemi za magadi zenye joto la kadiri ya digrii 40, mahali ambapo wenzake wengi wangekufa papo hapo. Kwa samaki wa namna hiyo hapana mtu aliyehitaji kufikiri juu ya mshipi.

Juu ya uzi, lakini, walifikiri sana. Kabla ya kioo kuenea, mapambo ya nchi hii yalikuwa ya chuma, shaba na ngozi, na mavazi ya wanawake yalikuwa ngozi laini za mbuzi na ndama zilizoshonwa kwa kano. Kano hizo hutolewa mgongoni mwa mnyama aliyechinjwa, hukaushwa, hupasuliwa kwa ukucha hata zikawa nyembamba, kisha hulowekwa kwa mate na kusokotwa juu ya paja. Na mshonaji hutangulia kutoboa ngozi kwa msharasi, ndipo akapitisha ncha ya kano ambayo, ikisha kukauka, huwa ngumu kiasi cha kupenya bila ya sindano. Fadhila yake kubwa ni kwamba hushonwa ikiwa na unyevu nayo hujikaza ikikauka, hata fundo lake huwa gumu kulifungua. Aibu yake ni kwamba mvua huirejesha katika ulegevu, panya na wadudu huipenda, na urefu wake haupiti urefu wa mgongo wa mnyama, kwa hiyo mshonaji wa kazi ndefu hana budi kuunga na kuunga tena, na kila kiungo ni unene, na unene ni adui wa tundu ndogo.

Palikuwapo pia uzi wa mimea. Mkonge wa porini, ule wenye majani yaliyosimama wima, ambao Wamaasai huuita oldupai na ambao uliipa jina lake bonde mashuhuri la Olduvai, hutoa nyuzi imara za kamba. Huu si mkonge wa mashambani, ambao ni mgeni: huo uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, naye aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida vikafika salama 62 tu, na kwa uzao wa hivyo 62 yakatokea mashamba ya Tanga na mengineyo, na katani ikawa bidhaa ya dunia nzima.

Ushanga wa kioo nao ulikuja kwa misafara ya pwani, na hapa yafaa tukae kidogo, maana watu wengi hudhani kwamba ushanga ulipelekwa bara ndani ya magunia na kumwagwa mbele ya wanunuzi kama mtama. Sivyo. Bidhaa hiyo ilikuwa na kipimo chake, na kipimo chake kilikuwa uzi. Richard Burton, aliyepita njia ya Unyamwezi baina ya 1857 na 1859, aliandika hesabu ya Waswahili jinsi alivyoikuta: ushanga ulitungwa katika kete, yaani nyuzi za urefu maalumu, na kete kumi zilifanya fundo moja, na akataja samesame, ule mwekundu wenye moyo mweupe, uliokuwa ukiwatia wazimu wanawake wa miji ya bara hata ukapewa majina ya utani kwa sababu ya fedha ulizowamaliza waume zao. Mtu aliyeshika fundo mkononi alijua ameshika nini bila ya mizani wala hati.

Kwa Wamaasai mambo yalikuwa magumu zaidi. Joseph Thomson, Mskochi kijana aliyetumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London, alipofika Taveta mwaka 1883 akijiandaa kuingia katika nchi yao, aliarifiwa kwamba ushanga wote aliouchukua kutoka pwani haukufaa kitu mpaka utungwe upya kwa urefu uliokubaliwa na wenyeji. Basi wapagazi wakakalishwa chini kwa siku nyingi wakatunga maelfu kwa maelfu ya kete. Nchi zile wakati huo zilijulikana zaidi na wafanyabiashara wa pembe kutoka Pangani kama vile Jumbe Kimameta, ambaye Thomson alisafiri naye, na ambaye baadaye alimwongoza Teleki, mtukufu wa Hungaria, katika safari ya 1887 na 1888. Mashujaa wa Kimaasai walipozuia njia na kudai hongo walipokea senyenge na ushanga, na waliupokea ukiwa umetungwa. Na mwanamke aliyefikiwa na kete ile akaifungua aziweke punje katika kazi yake, mkononi mwake ulisalia ugwe aliousokota mpagazi, naye bila ya shaka aliutazama kwa jicho la fundi kabla ya kuutupa au kuuhifadhi. Wanahistoria wameihesabu sana ile hongo. Ule ugwe hapana aliyeuhesabu.

Mapatano ya 1904 na 1911 na serikali ya Waingereza yakawaondoa Wamaasai katika malisho yao ya kaskazini na kuwakusanya katika hifadhi ya kusini, na baada ya muda mfupi ikaja reli ya kutoka Konza kwenda Magadi, iliyokamilika mwaka 1915 kwa ajili ya magadi na kupita Kajiado njiani. Maduka ya Wahindi yalifuata: shuka, sukari, waya, ushanga wa Bohemia kutoka mji wa Jablonec, na pamba iliyozungushwa katika vigurudumu. Uzi wa pamba ulikuwa rahisi na haukuwa mfupi kama kano, ila ulihitaji sindano, na katika mwili uliopakwa mafuta na ngeu, wenye jasho la malisho, haukudumu.

Hapo ndipo akina mama walipoanza kutafuta uzi katika vitu vilivyofanywa kwa kazi nyingine. Ukame wa 1960 na 1961, uliofyeka ng'ombe wa Kajiado, na kadhalika ule wa 1984, uliwaletea watu chakula cha msaada. Chakula kililiwa, na gunia likabaki. Gunia la katani lilifumuliwa likatoa kamba. Na yalipokuja magunia mapya ya plastiki, yaliyofumwa kwa utepe mwembamba unaong'aa, mikono ilizoea upesi kuuvuta utepe huo mmoja mmoja, kuupasua, na kuusokota juu ya paja kwa namna ile ile ya kano. Madebe ya plastiki nayo yakakatwa vipande vyembamba vikashika mahali pa ngozi katika zile bawa za shingoni, yaani mapambo bapa ya kuzunguka shingo, vikitenganisha safu za ushanga. Wageni wapendao mambo ya asili husikitika wakiyaona hayo, nami siwezi kusikitika pamoja nao: kano ilikuwa mabaki ya machinjo kama vile utepe ulivyo mabaki ya mahindi, na maarifa yaliyokuwamo katika paja na vidole hayakupungua hata chembe.

Nailoni ni hadithi nyingine. Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya DuPont huko Marekani waliipata mwaka 1935. Ikatangazwa kwa watu mwaka 1938, Carothers akiwa amekwisha kufariki. Na vita vilipozuka ikachukuliwa kwa miavuli ya askari warukao kutoka ndegeni. Baada ya vita ikawafikia wavuvi. Katika Ziwa Victoria, ambako nyavu za kitani zilikuwa zimeingia tangu 1905, nailoni ilizishinda katika miaka ya 1950, kwa kuwa haiozi majini. Na wavuvi wa pwani, waliokuwa wakivua kwa mishipi ya pamba, wakaona fadhila ile ile. Kwa njia ya biashara hiyo vigurudumu vya mshipi viliingia katika maduka ya Nairobi, na kutoka Nairobi hadi Kitengela si mbali. Mwanamke anayetunga ushanga aliikuta nailoni ya uzi mmoja ni ngumu kiasi cha kupita tunduni bila ya sindano, jambo lililomkumbusha kano. Haiozi kwa jasho, haina viungo, na ncha yake ikiguswa na moto wa kiberiti huyeyuka na kugeuka kitone kigumu kisichopenya tundu, na huo ndio mwisho wa kazi. Wala haikukosa ila. Hukumbuka umbo la kigurudumu ilichozungushiwa na kutaka kujikunja, hurefuka ikivutwa hata kazi ikaanza kulegea, na jua la uwanda wa Kaputiei huidhoofisha polepole mpaka siku inapokatika bila ya sababu inayoonekana.

Mshipi wa kusukwa umekuja nyuma ya yote hayo. Mwaka 1979 Paul Smith na Piet Lemstra, wataalamu wa kampuni ya DSM ya Uholanzi, waliandikisha njia ya kuivuta polithini, ile ile jamaa ya mifuko ya sokoni, hata ikawa nyuzi ambazo kwa uzito ule ule hupita nguvu za chuma cha pua mara nyingi. Na katika miaka ya 1990 nyuzi hizo zilianza kusukwa ziwe mishipi. Huko Wisconsin na Ontario wako watu wamfuatao samaki mmoja wa maji baridi, muskie kwa jina, mwenye meno makali na uzito uwezao kupita ratili 50, na hao hupenda mshipi wa kusukwa wa nguvu ya ratili 80, kwa sababu unene wake haupiti nailoni ya ratili 18 hivi na hauvutiki, kwa hiyo mkono wa mvuvi husikia kila mguso wa samaki hata akiwa mbali. Na sasa angalia: watungaji wa ushanga wa Marekani, wanaotaka uzi mwembamba upitao mara nyingi katika tundu moja, usiorefuka na usiokatwa na makali ya kioo, waliingia katika maduka ya wavuvi hao hao wakaununua mshipi huo kwa sababu zile zile. Hawakujua kwamba kina mama wa Kajiado walikuwa wamekwisha kuwatangulia kwenye kaunta ya mvuvi.

Kwa rai yangu, hata hivyo, mshipi wa kusukwa hautaiondoa nailoni katika nchi hii upesi, nami naona fundi anayeikataa bei yake ana hoja zaidi ya bei. Polithini ni telezi, na mafundo ya kawaida huteleza nayo mpaka yazungushwe mara mbili au tatu. Huyeyuka kwa joto la kadiri ya digrii 145, chini sana ya nailoni, nayo ikiguswa na kiberiti hurudi nyuma ghafla ikaingia ndani ya ushanga kabla ya kitone kushika. Tena haikatwi kwa kisu butu wala kwa meno. Mkufu wa harusi utakaovaliwa miaka mingi, au kazi ya punje nzito za kioo kama zile zinazoyeyushwa Kitengela katika karakana aliyoianzisha Nani Croze, waweza kustahili gharama hiyo na taabu hiyo; bangili ya kuuziwa msafiri wa Amboseli kando ya barabara ya Namanga haistahili, na hapana atungaye bangili hizo asiyelijua hilo. Bawa kubwa za shingoni nazo hutaka waya, maana kazi yake ni kusimama, na hapana mshipi uwezao kusimama.

Kitengela ya leo, ambayo hesabu ya 2019 iliikuta na watu zaidi ya laki moja na nusu, wengi wao wakiwa wahamiaji, ina wachuuzi wa samaki wa ziwani hatua chache tu kutoka kwa wauza ushanga, na mjukuu wa Mmaasai hula sangara bila ya kuulizwa. Mshipi ulimtangulia samaki kuingia katika nyumba yao.

Kwa wahifadhi wa majumba ya makumbusho mambo haya yana manufaa ya namna nyingine. Kipambo kilichotungwa kwa nailoni hakiwezi kuwa kazi ya zama za Thomson, hata mwenye kukiuza aape. Na kilichotungwa kwa kano chaweza kuwa cha zamani, ingawa si lazima. Lakini mwanamke wa Kimaasai hana desturi ya kutupa ushanga mzuri: kipambo kikichakaa hukifumua, akaziosha punje, akazitunga upya pamoja na nyingine alizonunua jana. Kwa hiyo yamkini kupata samesame iliyovuka bahari kabla ya 1900 ikiwa imekaa juu ya mshipi wa kuvulia wa mwaka jana, na aandikaye kadi ya kitu hicho itampasa aweke tarehe mbili.